Mfuko wa dawa kwenye msumari

Shikamooni wazazi wangu. Na ninyi mliowasindikiza, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie presha, kisukari na maumivu ya magoti. Nitayachanganya, kwa sababu kwa mzee maradhi hayaji moja moja, na dawa zake zote hukaa kwenye mfuko mmoja wa nailoni, umetundikwa msumarini chumbani.

Bibi mmoja aliletwa kwetu amevunjika nyonga. Alianguka usiku akienda chooni. Wanawe wakasema, "Uzee tu, dokta." Nikaomba mfuko wake, nikaumwaga mezani. Mlikuwa na pakiti mbili za amlodipini, dawa ya presha, kila moja na kiwanda chake na rangi yake. Alimeza zote akidhani ni dawa mbili tofauti. Amlodipini ikizidi huvimbisha miguu. Ilipovimba, akaandikiwa frusemaidi, dawa ya kukojoza, akawa anaimeza jioni. Magoti nayo alikuwa akiyatuliza kwa diklofenaki ya dukani, ambayo hupandisha presha na kuumiza figo. Basi usiku anaamka mara tatu kukojoa, maji mwilini yamepungua, akisimama kichwa chepesi, kizunguzungu, chini. Mnaona? Bibi yule hakuangushwa na uzee.

Siku ya kliniki leteni mfuko mzima, na mitishamba msiifiche, hakuna atakayewagombeza. Ulizeni kila kidonge kinatibu nini. Frusemaidi kwa kawaida humezwa asubuhi. Halafu mwombeni nesi ampime mzee presha akiwa amelala au ameketi, kisha asimame, apimwe tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Lakini nawasihi, msimwachishe mzee dawa kwa uamuzi wenu. Presha mara nyingi haiumi. Wangapi wamesema "nimepona", wakaacha vidonge, tukawapokea na kiharusi?

Kwa wenye kisukari neno moja: anayetumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, au insulini asikose chakula. Mkimwona anatoka jasho, anatetemeka au anaongea ovyo, mpimeni sukari. Kipimo kikiwa mbali, mpeni maji ya sukari upesi maadamu anaweza kumeza, kisha mumkimbize hospitali.

Mama mwenye kanga ya kijani, naona umekuja na mfuko wako. Sogea huku pembeni, tuuangalie pamoja.