Jumamosi ya Kijivu Sebuleni kwa Mwingereza

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni.

Naomba niwapeleke kwenye sebule moja ya Uingereza, Jumamosi ya Novemba, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia. Kwenye kona kuna sanduku la mbao lenye kioo kidogo. Baba analiwasha mapema kabla ya kipindi, maana ndani yake mna vali, zile taa ndogo za kioo, na lazima zipate moto kwanza. Picha inajitokeza taratibu. Imechorwa kwa mistari 405 na haina rangi. Chaneli ni mbili tu, ya BBC na ya ITV, ambayo ilianza London mwaka 1955.

Sisi tulioikuta televisheni ikiwa na rangi tayari, tunaipima picha ile kwa vitu ilivyokosa. Mimi nimelitafakari jambo hili miaka mingi, na naamini kituo kilikuwa kinarusha nusu tu ya kipindi. Nusu iliyobaki ilitengenezwa na watu waliokaa kwenye kochi.

Tuanze na mpira, kwa sababu Jumamosi yao ilijengwa juu ya mpira. Mechi za ligi zilianza saa tisa alasiri kote nchini. Na hazikuonyeshwa moja kwa moja! Ukiacha fainali ya Kombe la FA na mechi chache sana, mtu aliyebaki nyumbani hakuona mpira ukichezwa. BBC ilikuwa na kipindi cha michezo cha Grandstand tangu Oktoba 1958, kikijaza mchana mzima kwa mbio za farasi, raga na ndondi. Kisha, inapokaribia saa kumi na moja, kamera iligeuzwa kwenye mashine ya kuchapa. Hicho ndicho alichokiona mtazamaji: karatasi, na herufi zinazogongwa moja baada ya nyingine. Jina la timu ya nyumbani linatoka. Idadi ya mabao inatoka. Jina la wageni linatoka polepole, halafu mashine inatulia kidogo kabla ya kugonga tarakimu ya mwisho. Nyumba nzima imenyamaza.

Baadaye Len Martin alisoma matokeo yote kwa mpangilio. Aliisoma orodha hiyo tangu Grandstand ilipoanza hadi alipofariki mwaka 1995. Usomaji wa namna ile ulikuwa na tuni yake. Sauti ikipanda kwenye jina la timu ya pili, wageni wameshinda, ikishuka, wamefungwa, ikibaki palepale, ni sare. Msikilizaji mzoefu alijua matokeo kabla namba ya mwisho haijatamkwa.

Kwa nini sare ilikuwa na uzito huo? Kwa sababu kwenye magoti ya baba kulikuwa na mkeka. Ndiyo, mkeka, kama huu tunaoujua hapa. Wenyewe waliuita pools. Kwenye mchezo mkubwa kuliko yote ulichagua mechi 8, na kila mechi iliyoisha kwa sare ilikupa pointi tatu. Mwaka 1961 Viv Nicholson wa Castleford na mumewe, aliyekuwa mchimba makaa ya mawe, walishinda pauni 152,319. Kwa hiyo zile herufi za mashine zingeweza kumtoa mtu mgodini jioni ileile.

Kisha ikaja baridi kali ya Januari 1963. Viwanja viliganda na mechi zikaahirishwa wiki baada ya wiki. Kampuni za kubashiri zikaunda jopo. Jumamosi ya tarehe 26 Januari wazee wa mpira, wakiwemo Tom Finney na Tommy Lawton, walijifungia chumbani London wakaamua kila mechi isiyochezwa ingeishaje. Maamuzi yao yakatangazwa kwenye televisheni, na watu wakayaweka alama kwenye mikeka yao kama kawaida. Kwangu mimi hapa ndipo kiini kilipo. Mpira wenyewe haukuwepo tena hata uwanjani, lakini jioni ya Jumamosi ilikamilika, kwa sababu kazi ya kuiwazia mechi watu walikuwa wameizoea.

Upande wa ITV kulikuwa na mieleka. Kuanzia 1965 iliwekwa saa kumi jioni ndani ya kipindi chao cha michezo, World of Sport, Kent Walton akitangaza, na mwanamieleka Mick McManus akizomewa na mabibi waliokaa safu ya mbele. Sitakaa sana hapo, ingawa waliopenda mieleka waliipenda kwa dhati.

Nataka nikae na Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963. Rais Kennedy alikuwa ameuawa siku moja kabla. Majira ya saa kumi na moja na robo, kwa kuchelewa zaidi kidogo ya dakika moja, BBC ilianza tamthilia mpya, Doctor Who, ya msafiri anayepita katika wakati. Mtayarishaji wake alikuwa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27, na mwongozaji alikuwa Waris Hussein, kijana mzaliwa wa India. Muziki wa mwanzo aliutengeneza Delia Derbyshire kwa kurekodi sauti za waya na mitambo, kisha kukata kanda kwa wembe na kuziunganisha noti kwa noti. Wiki iliyofuata sehemu ile ya kwanza ilirudiwa, kisha ndipo ikaja ya pili.

Angalieni chombo kinachomsafirisha shujaa. Ni kibanda cha polisi, cha aina iliyokuwa imesimama mitaani London. Kwenye kioo ni cha kijivu. Lakini mtoto wa London aliyekipita kibanda kama hicho akienda shule hakuhitaji kuambiwa kuwa ni cha buluu.

Ndivyo ilivyokuwa hata Jumamosi kubwa kuliko zote, tarehe 30 Julai 1966. Watu zaidi ya milioni 32 nchini humo walitazama Uingereza ikiifunga Ujerumani Magharibi mabao 4 kwa 2 kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Leo kila mtu anazijua zile jezi nyekundu. Waliokuwa sebuleni waliona jezi nyeusi-nyeusi zikishindana na nyeupe. Wekundu waliutia wenyewe. Na bao lile la Geoff Hurst lililogonga mwamba na kudunda chini, picha haikuweza kulihukumu, na mabishano yake yakaanzia papo hapo kwenye kochi.

Rangi ilifika BBC1 na ITV tarehe 15 Novemba 1969, nayo ilikuwa Jumamosi. Seti zilikuwa ghali, na familia nyingi ziliendelea na kijivu chao miaka kadhaa.

Jambo linaloniuma ni lililofuata. BBC ilifuta kanda nyingi ili zitumike tena, na nakala za filamu zikatupwa. Doctor Who peke yake ilipoteza karibu sehemu mia moja. Lakini nakala zilikuwa zimeuzwa nje, Afrika ikiwemo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea, zilizorushwa awali kati ya Desemba 1967 na Machi 1968, zimepatikana kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Jumamosi za Waingereza zilikuwa zimelala kwenye makopo ya filamu, Afrika Magharibi, kwa miaka mingi.

Katika hadithi moja kati ya hizo, The Web of Fear, sehemu ya tatu haikuwemo. Picha yake hatunayo. Sauti tunayo yote, kama ilivyo kwa sehemu zote zilizopotea za tamthilia hiyo, kwa sababu kulikuwa na watazamaji, baadhi yao watoto, waliorekodi sauti nyumbani kwao, wengine kwa kuweka maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba wenzao wanyamaze.

Naomba taa zizimwe. Nitawachezea dakika tano za sauti hiyo, kisha mtaniambia mmeona nini.