Ua na Kuua

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mlangoni kila mmoja amepewa punje moja ya karafuu. Msiitafune kwanza, itazameni. Juu ya kikonyo mna meno manne madogo, na katikati yake kijidonge cha mviringo. Kibanueni kwa ukucha. Hizo ni petali ambazo hazikuwahi kufunguka. Mmeshika tumba la ua, lililochumwa kabla halijachanua, likaanikwa juani.

Jino likiuma, watu huibana karafuu papo hapo penye maumivu, na hawakosei. Yuginoli iliyomo katika mafuta yake hutia ganzi. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Mafuta hayo hayo, mtoto mdogo akiyanywa hata vijiko viwili vya chai, yanaweza kumharibu ini. Nimeanza na karafuu makusudi, kwa kuwa hakuna anayeiogopa.

Kiswahili nacho kimeyaweka ua na kuua jirani mno. Huenda ni sadfa tu, ila hunichekesha kila nikiandaa mhadhara huu.

Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alichapisha kitabu kuhusu dijitalisi, mmea wenye maua ya zambarau yaliyoinama kama kengele, ndani yana madoadoa. Alikuwa ameulizwa kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja, mchanganyiko wa mitishamba zaidi ya 20 uliowatibu watu waliovimba kwa maji mwilini. Akatambua kuwa kazi yote ilifanywa na mmea huo mmoja. Ninachomheshimia ni uaminifu: aliwaandika hata wagonjwa alioshindwa kuwasaidia, akataja na dalili za kuzidisha dawa, yaani kutapika, kizunguzungu, vitu kuonekana vya kijani au vya njano. Digoksini, inayotokana na majani ya ndugu wa mmea huo, bado inawapa nguvu wenye moyo dhaifu. Lakini kati ya dozi inayotibu na inayodhuru pana upenyo tu, ndiyo maana mara nyingi mgonjwa hupimwa damu.

Kuna na vinka, lile ua la waridi lenye petali tano na jicho jekundu katikati, asili yake Madagaska. Huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer waliuchunguza mmea wake wakitafuta dawa ya kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Mwingine angeutupa mmea ule akaenda zake. Wao wakaufuatilia, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini, dawa ya saratani. Baadaye ikapatikana vinkristini, ambayo imewaokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Hupitishwa kwenye mshipa. Ikichomwa kimakosa katika uti wa mgongo, huua karibu kila mara. Hapo tatizo si wingi wa dawa, ni njia iliyopitia.

Basi mtanisamehe nikinuna kila nikisikia, "Hii ni ya asili, haina madhara." Mnanaha nao ni wa asili, na maua yake meupe kama tarumbeta yanapendeza. Atropini iliyomo humsaidia aliyenywa baadhi ya sumu za kuulia wadudu, huku anayetafuna mbegu zake hukauka kinywa, mboni zikapanuka, akaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo.

Kuna ua moja ambalo ningependa kulitetea. Mtu akipiga chafya mfululizo hulilaumu waridi lililo mezani. Chavua ya waridi ni nzito na inanata, husubiri nyuki. Inayomtesa pua mara nyingi ni ya majani ya porini, ambayo maua yake hata hayatazamwi. Ila manukato makali yanaweza kumbana kifua mwenye pumu, kwa hiyo kabla ya kumpelekea mgonjwa shada, muulizeni.

Sasa, ile karafuu. Anayetaka kuitafuna aitafune. Moja haina neno. Nani ana swali?