Dirisha Kwanza, Ua Baadaye: Mimea ya Ndani kwa Nyumba Zenye Jua

Mabibi na mabwana, habari za asubuhi. Mada yetu leo ni mimea ya ndani inayostawi mahali penye jua. Nitaomba tuanze na dirisha, kisha mmea ufuate, kwa sababu mimea mingi inayokufa ndani ya nyumba zetu imenunuliwa kwanza na kutafutiwa mahali baadaye. Mtu anapita kitaluni, anavutiwa na majani, anabeba. Akifika nyumbani anauliza: huu niuweke wapi? Wakati huo swali limeshachelewa.

Shida ya pili ni maelekezo tunayoyasoma. Vitabu vingi vya maua ya ndani vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo vinasema dirisha lenye jua ni la kusini. Kwao ni kweli. London mwezi Desemba, jua la adhuhuri limeinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, tena upande wa kusini, hivyo linaingia moja kwa moja mpaka katikati ya chumba. Dar es Salaam hali ni nyingine kabisa. Sisi tuko nyuzi 6.8 kusini ya ikweta, na adhuhuri jua huwa juu ya utosi au karibu nao mwaka mzima. Jua la utosini haliingii dirishani, linapiga bati.

Tuchukue hesabu. Karibu tarehe 21 Desemba, jua la adhuhuri hapa Dar liko upande wa kusini kwa nyuzi 17 hivi kutoka utosini. Paa likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, kivuli chake kinashuka mita 2 ukutani, kwa hiyo dirisha zima la kusini liko kivulini saa hiyo. Juni jua limehamia kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini, na paa lile lile linatia kivuli mita 1 tu. Ndiyo maana dirisha la kaskazini kwetu hupata jua zaidi kuliko la kusini: jua hukaa kaskazini ya Dar tangu mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, takriban miezi saba. Kusini linabaki chini ya miezi mitano, tena ni miezi ya kaskazi, wakati joto limepanda. Nairobi, iliyo nyuzi 1.3 tu kusini ya ikweta, mgawanyo unakaribia nusu kwa nusu. Na ndugu zetu wa Muscat wafuate kanuni tofauti, maana wako nyuzi 23.6 kaskazini: kwao dirisha la kusini ndilo lenye jua refu la kipupwe, na Desemba linaingia vizuri kwa sababu adhuhuri jua liko nyuzi 43 tu juu ya upeo.

Kwa hiyo hapa kwetu madirisha yenye jua la kweli ni ya mashariki na ya magharibi, kwa sababu asubuhi na alasiri jua liko chini na paa haliwezi kulizuia. Saa 10 alasiri, dirisha la magharibi lenye kimo cha mita 1.2 linaingiza jua mita moja na nusu au zaidi ndani ya chumba, ukipima kwenye usawa wa kizingiti. Lakini mashariki na magharibi si sawa, hata kama saa za jua zinalingana. Jua la saa 2 asubuhi linakuta hewa imepoa na chungu kimepoa. Jua la saa 9 alasiri linakuta ukuta, kioo na udongo vimeshapata moto tangu mchana. Jani lile lile lililostahimili saa nne za mashariki linaweza kuungua kwa saa mbili za magharibi. Naomba hili mlishike kuliko yote nitakayosema.

Kupima dirisha lako hakuhitaji chombo. Chukua chaki, weka alama sakafuni mahali ukingo wa jua ulipofika saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 alasiri. Rudia baada ya miezi sita, ukiweza Juni na Desemba, kwa sababu alama zitahama. Kwa mahali pasipofikiwa na jua lenyewe, weka karatasi nyeupe pale utakapoweka chungu, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake saa za mchana. Kivuli chenye kingo kali za vidole ni mwanga mkali. Kivuli chenye ukungu ni mwanga wa wastani. Usipoona kivuli, usiweke hapo mmea wowote kati ya hii ya leo. Pima huku dirisha likiwa katika hali yake ya kila siku, yaani wavu wa mbu ukiwepo na pazia likiwa mahali pake. Wavu uliojaa vumbi hula mwanga mwingi, na vioo vya rangi nyeusi au ya kahawia vilivyojaa kwenye maghorofa mapya hula zaidi. Nyumba yenye vioo vya giza ihesabiwe kuwa na mwanga wa wastani hata kama inatazama magharibi.

Sasa mimea. Kabla ya majina, soma jani. Jani nene, lenye nta, lenye rangi ya kijivu au lenye miiba limezaliwa juani. Jani pana, laini, jembamba, la kijani kilichokolea limezaliwa chini ya miti mikubwa. Sehemu nyeupe za jani hazina ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula, nazo ndizo huungua mwanzo. Krotoni inajitenga hapo: michoro yake ya njano na nyekundu inahitaji jua ili ikolee, na ukiitia kivulini majani mapya hutoka ya kijani kitupu.

Dirisha la magharibi ni la watu wa nyika. Wa kwanza ni adeniamu, lile waridi la jangwani lenye shina lililovimba chini, ambalo asili yake inafika mpaka nyika zetu za Afrika Mashariki. Linataka saa 5 au 6 za jua lenyewe ndipo litoe maua. Chini ya hapo utapata majani matupu. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, linaweza kupukutisha majani yote. Si ugonjwa. Punguza maji mpaka machipukizi yaonekane. Bonyeza shina kwa kidole: likiwa gumu liko salama, likibonyea limeanza kuoza kutokea mizizini. Utomvu wake ni sumu, watu wa sehemu nyingi za Afrika wameupaka mishaleni, kwa hiyo nyumba yenye mtoto anayetambaa iweke chungu hiki juu au isikiweke kabisa. Mnyaa nao unastahimili magharibi bila taabu, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Ukiukata, vaa glavu na miwani, na ukikurukia osha jicho kwa maji mengi kisha nenda hospitali.

Mshubiri, krasula ya majani manene yenye asili ya Afrika Kusini, kaktasi za aina zote, na sansevieria za majani ya mviringo yenye ncha kali, zote zinafaa hapo. Sansevieria za majani mapana zinavumilia pia, ila zipe nafasi ya nusu mita kutoka kwenye kioo. Mshubiri ukigeuka rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, na krasula ikipata ukingo mwekundu, usishtuke: jani linajikinga na jua kali, na rangi ya kijani hurudi mwanga ukipungua. Kuungua kweli ni doa jeupe au la hudhurungi hafifu, kavu, upande ule tu unaotazama kioo.

Dirisha la mashariki ndilo zuri kuliko yote, na ningekuwa na chumba kimoja tu cha kuweka maua ningechagua hilo. Hapo weka krotoni, kalanchoe ya majani manene, hoya inayotambaa, na ile mimea miwili ya harufu ambayo watu wa pwani hatuwezi kuikosa: asumini na mrehani. Asumini itake chungu cha sentimita 25 hadi 30 na saa zisizopungua 4 za jua la asubuhi. Maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo kila mzao ukiisha kata theluthi moja ya kila tawi; asumini isiyokatwa hurefuka tu na kunyima maua. Mrehani uupande chungu cha sentimita 20, ukifika urefu wa sentimita 15 kata kileleni juu kidogo ya jozi ya majani, nao utagawanyika matawi mawili. Endelea hivyo, na ondoa maua yanapoanza, la sivyo majani hugeuka madogo na magumu.

Dirisha la kaskazini fuata mimea ya mashariki kwa miezi ya kusi, kisha Oktoba uisogeze. La kusini lihesabu kuwa la mwanga wa wastani.

Kuna mtego mmoja. Watu husikia mmea ni wa Afrika wakadhani unapenda jua. Yale maua madogo ya zambarau yanayoitwa urujuani wa Afrika yanatoka milima ya Usambara. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao Ujerumani mwaka 1892, na yakaenea madirishani mwa dunia nzima. Lakini kwao Usambara yanaota kwenye miamba yenye unyevu chini ya msitu. Jua la magharibi linayapausha ndani ya siku chache. Zamiokulka ni hivyo hivyo, mmea wa kwetu wenye majani yanayong'aa, unaopenda mwanga usio na jua lenyewe. Kumbe swali la kuuliza ni moja: kwao unaota juu ya mwamba mtupu au chini ya miti?

Ukishachagua mmea wa jua, usiupeleke juani siku hiyo hiyo. Vitalu vingi hukuza chini ya neti ya kivuli, na majani yaliyokua chini ya neti hayana kinga. Hata kaktasi huungua. Siku tatu za mwanzo upe saa 1 ya jua la asubuhi, kisha ongeza saa 1 kila siku ya tatu, mpaka wiki mbili au tatu zitimie. Jani lililokwisha ungua haliponi. Likiwa limeungua chini ya nusu liache, bado linalisha mmea.

Udongo. Kwa mimea ya nyika changanya sehemu 2 za mchanga mnene wa mto, 1 ya mboji iliyoiva, na 1 ya changarawe ya milimita 3 hadi 6. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Kwa krotoni, asumini na mrehani tumia sehemu 2 za udongo wa bustani, 1 ya mboji na 1 ya mchanga wa mto. Chungu kiwe na matundu chini, angalau matatu ya upana wa sentimita 1. Ile desturi ya kupanga kokoto chini ya chungu tuiache: maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kokoto kubwa, yanasimama juu yake, na mizizi inakuwa karibu zaidi na maji hayo. Tundu lizibe kwa kipande cha wavu wa mbu. Chungu cha udongo wa kuchoma kinapumua na kinafaa mimea ya nyika. Krotoni na mrehani ndani yake hukauka upesi, bora plastiki. Lakini plastiki nyeusi kwenye dirisha la magharibi inapika mizizi ya upande wa kioo. Itumbukize ndani ya chungu kikubwa cheupe, uache nafasi ya kidole pembeni.

Kumwagilia kwa ratiba kunaua. Penyeza kijiti kikavu mpaka chini. Kikitoka na udongo ulioshika, mimea ya nyika isubiri. Krotoni na asumini zipate maji udongo ukikauka sentimita 3 za juu. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani baada ya dakika 30.

Tatizo linaloonekana sana kwenye nyumba za Dar ni ncha za majani kuwa kahawia, na wenye nyumba hulilaumu jua. Angalia: jua huunguza upande mmoja, chumvi huunguza ncha na kingo za majani yote. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona pia unga mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua, na kila mwezi pitisha maji mengi ndani ya chungu, kiasi cha mara tatu au nne ya ujazo wake, yatiririke yote. Tatizo lingine ni utitiri mwekundu, unaopenda hewa kavu ya dirisha lenye joto na chumba chenye kiyoyozi. Majani huwa na vidoadoa vya njano, na chini yake utaona utando mwembamba. Osha majani upande wa chini kwa maji. Yasipotosha, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1, jaribu jani moja kwanza, kisha nyunyiza jioni na suuza asubuhi kabla jua halijafika. Rudia baada ya siku 5, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni. Vidung'ata, wale weupe wenye kama pamba, wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Mkienda kununua, geuzeni majani mtazame chini yake, na mwombe muuzaji ainue mmea kutoka kwenye mfuko. Mizizi iwe myeupe au ya maziwa. Ikiwa nyeusi na inanuka, mrudishie, hata kama juu una maua. Tena muulizeni swali ambalo wengi hawaulizi: huu ulikuwa chini ya neti au nje? Jibu lake ndilo litakalowaambia muanze na saa ngapi za jua.

Vyungu vyote nilivyovitaja viko hapa mezani, na karatasi nyeupe ya kupimia kivuli iko pale dirishani. Karibuni kwa maswali.