Mwezi Mbaya Ndio Unaomtaja Bosi: Wafanyakazi na Wakurugenzi Wao

NEEMA: Habari za wakati huu, msikilizaji. Mimi ni Neema, niko na kaka Hamisi kama kawaida. Leo tunamzungumzia bosi mkubwa. Simaanishi msimamizi wa zamu wala meneja wa idara. Namaanisha yule wa juu kabisa, mkurugenzi mtendaji, ambaye wengine tumefanya kazi chini yake miaka mitatu na sauti yake tunaisikia siku ya Mei Mosi tu, kwenye kipaza sauti.

HAMISI: Sisi kupimwa tumezoea, dada Neema. Kila mwaka unajaza fomu, unakaa mbele ya meneja wako, unaambiwa umepata tatu kati ya tano. Sasa yule wa juu, mfanyakazi anampimia wapi? Na akishampima, kipimo chake kina uzito gani?

NEEMA: Wewe ulikuwa unanieleza habari ya Glassdoor kabla hatujaanza kurekodi.

HAMISI: Naam. Ni tovuti ya Marekani, ilianza kutumika 2008. Mfanyakazi anaingia bila kutaja jina, anaeleza kampuni yake ikoje, halafu anaulizwa juu ya mkurugenzi: unamkubali, humkubali, au huna la kusema. Majibu yakikusanywa, mkurugenzi anapata asilimia yake. Mwaka 2013 walipotoa orodha ya waliokubalika zaidi, namba moja alikuwa Mark Zuckerberg wa Facebook, asilimia 99.

NEEMA: Tisini na tisa! Hata nyumbani kwangu mimi siipati hiyo.

HAMISI: Ngoja sasa. Mwaka 2019, mtu yule yule, kampuni ile ile, alikuwa nafasi ya 55 kwa asilimia 94. Na aliyekuwa wa kwanza mwaka huo ni Pat Gelsinger, wakati huo akiongoza VMware, kampuni ya programu za kompyuta, naye asilimia 99. Mwaka 2021 akahamia Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, kuwa mkurugenzi. Agosti 2024 Intel ikatangaza kupunguza wafanyakazi kama 15,000, na Desemba mwaka huo huo Gelsinger akaondoka. Je, alisahau kuongoza ndani ya miaka mitano?

NEEMA: Hapana. Mimi naona watu wanapoulizwa "unamkubali mkurugenzi?" wanajibu swali jingine: "mambo yenu yanakwendaje?" Hisa zikipanda, mshahara ukiingia tarehe yake, bosi ni mzuri. Sisemi ni kosa. Mtu wa stoo ajue nini kuhusu mikakati ya mkurugenzi? Anajua anachokiona.

HAMISI: Na hata hicho anachokiona huwa anaogopa kukiandika. Niwape kisa changu. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja, jina naliacha, tukaletewa dodoso la kupima uongozi. Juu limeandikwa kwa herufi kubwa: MAJIBU YAKO NI SIRI. Halafu swali la kwanza, uko idara gani? La pili, una miaka mingapi kazini? Idara yetu ilikuwa na watu watatu. Mmoja ana miaka kumi na minane, mmoja ana miezi minne, na mimi.

NEEMA: Umeshajitaja hapo.

HAMISI: Nimejitaja kabisa. Nikaweka "naridhika sana" kuanzia juu hadi chini. Wenzangu nao hivyo hivyo. Matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini, mkurugenzi amepata alama za juu. Mwaka ule ule, dada Neema, watu kumi na mmoja waliacha kazi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lao, lakini hakuna aliyelibandika ubaoni. Lile jambo liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu mkurugenzi alinyimwa ukweli, na sisi tukanyimwa nafasi ya kuusema.

NEEMA: Ndiyo maana mimi kipimo cha karatasi nakiweka pembeni. Nataka kujua mfanyakazi yuko tayari kupoteza nini kwa ajili ya bosi wake, au kwa ajili ya kumwondoa. Na hapo kuna kisa kimoja ambacho kila nikikisoma naona kama nimekisikia leo. Market Basket.

HAMISI: Wasimulie.

NEEMA: Ni maduka makubwa ya vyakula kaskazini mashariki mwa Marekani, Massachusetts na New Hampshire hasa. Asili yake ni duka moja dogo lililofunguliwa na wahamiaji wa Kigiriki, mume na mke, mji wa Lowell, 1917. Ukoo wa Demoulas. Kufikia 2014 yalikuwa maduka 71 na wafanyakazi kama 25,000. Na ndani ya ukoo kulikuwa na ugomvi wa miaka na miaka, binamu wawili wote wanaitwa Arthur. Arthur T. ndiye mkurugenzi. Arthur S. yuko upande ulioshika nguvu kwenye bodi. Juni 2014 bodi ikamfukuza Arthur T.

HAMISI: Mpaka hapo ni habari ya matajiri kugombea mali.

NEEMA: Na ingebaki hivyo. Lakini Julai watu wa maghala na madereva wa malori wakasimamisha kazi. Hawana chama cha wafanyakazi, naomba hilo lisikike vizuri. Hawakudai nyongeza wala likizo. Dai lao lilikuwa moja: mrudisheni mkurugenzi wetu.

HAMISI: Watu wa mishahara midogo wanagoma kwa ajili ya tajiri.

NEEMA: Lori lisipotoka ghalani, nyanya hazifiki, nyama haifiki. Unaingia dukani unakuta rafu za mboga tupu, taa zinawaka, keshia amesimama kwenye mashine yake hana wa kumhudumia. Kampuni ikafukuza mameneja waliokuwa mstari wa mbele. Haikusaidia kitu. Na wateja wakaungana nao. Walikwenda kununua kwa washindani, halafu wanarudi na risiti zao na kuzibandika kwenye vioo vya Market Basket, kuwaonyesha wenye mali: tazameni fedha yenu ilikokwenda.

HAMISI: Risiti kwenye vioo!

NEEMA: Vioo vizima. Ikabidi magavana wa majimbo mawili waingilie kati. Mwisho wa Agosti, Arthur T. akakubaliwa kununua sehemu ya ndugu zake, zaidi ya asilimia 50 ya kampuni, kwa zaidi ya dola bilioni 1.5. Akarudi kazini.

HAMISI: Sasa tuambie kwa nini. Maana hapo ndipo penye kipindi chetu leo. Alikuwa amewafanyia nini?

NEEMA: Kuna la fedha na kuna la utu, na mimi sitenganishi. La fedha: kampuni ilikuwa inaweka sehemu ya faida kwenye mfuko wa kustaafu wa wafanyakazi. Mwaka 2008 masoko ya fedha yalipoporomoka, mfuko ule ukapoteza dola milioni 46. Arthur T. akasimamia lile pengo lizibwe kwa fedha za kampuni. Fikiria wewe ni mkata nyama, umefanya kazi miaka ishirini na mitano, unaambiwa akiba yako imeliwa na soko, halafu unaambiwa imerudishwa.

HAMISI: Akufaaye kwa dhiki.

NEEMA: Hasa. Na la utu: alikuwa anawajua kwa majina, anawauliza habari za watoto wao, misibani anafika. Meneja mmoja wa duka binti yake aligongwa na gari, akaumia vibaya. Arthur T. akampigia simu kuuliza kama hospitali ile inamfaa, au wamhamishie kwingine.

HAMISI: Sisi huku tunajua uzito wa msiba. Bosi akija msibani akakaa kwenye mkeka na wengine, hata dakika kumi, watu wataizungumza miaka kumi. Na asipokuja hawasahau.

NEEMA: Lakini tusiifanye iwe hadithi ya mtakatifu. Mei 2025 bodi, safari hii dada zake mwenyewe wakiwa ndio wenye hisa nyingi, ikamsimamisha, na Septemba ikamwachisha kabisa. Na maduka yaliendelea na kazi. Hayakutokea yale ya 2014.

HAMISI: Unaisomaje hiyo?

NEEMA: Miaka kumi na moja ni mingi. Aliyekuwa mpangaji bidhaa kijana 2014 huenda sasa yuko kwingine, na aliyeajiriwa juzi habari ya mfuko wa 2008 kaisikia tu. Mapenzi ya wafanyakazi kwa bosi yanakaa kwenye kumbukumbu za watu fulani. Wakiondoka, wanaondoka nayo.

HAMISI: Sasa mimi nikuletee kisa kinachofanana lakini kinanipa shaka. OpenAI, kampuni ya akili bandia iliyotengeneza ChatGPT. Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2023, bodi inamfukuza mkurugenzi Sam Altman, inasema hakuwa mkweli kwao wakati wote. Kufikia Jumatatu barua inazunguka: arudishwe, la sivyo tunahamia Microsoft. Wafanyakazi walikuwa kama 770, wakasaini zaidi ya 700. Hata Ilya Sutskever, aliyekuwa ndani ya bodi iliyomfukuza, jina lake likawemo. Ndani ya siku tano Altman akarudi kitini.

NEEMA: Shaka yako iko wapi? Asilimia zaidi ya 90 hiyo.

HAMISI: Shaka yangu ni kwamba wakati ule ule wafanyakazi walikuwa wanasubiri kuuza hisa zao, kwa bei iliyoithamini kampuni dola bilioni 86 hivi. Altman akiondoka, na mauzo yale yako mashakani. Halafu ajira mbadala wameshaahidiwa. Keshia wa Market Basket hakuwa na Microsoft inayomsubiri nje.

NEEMA: Kwa hiyo walimtetea bosi au walitetea fedha yao?

HAMISI: Huwezi kuzitenganisha, na wao wenyewe nadhani wasingeweza. Na barua inayozunguka ofisi nzima, jina lako lisipokuwemo linaonekana halimo. Nakumbuka lile dodoso langu. Shinikizo linaweza kutoka juu, linaweza kutoka kwa mwenzako wa meza ya pili.

NEEMA: Hilo nakubaliana nawe. Ila mimi bado nawaheshimu. Turudi karibu na nyumbani. Kenya Airways, 2016.

HAMISI: Hapo kinyume chake, waliotaka mtu aondoke.

NEEMA: Shirika lilikuwa limetangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 26.2 kwa mwaka ulioishia Machi 2016. Oktoba, marubani kupitia chama chao wakatoa ilani ya mgomo: mwenyekiti wa bodi aondoke, na mkurugenzi Mbuvi Ngunze aondoke. Mwenyekiti akabadilishwa mwezi ule ule, akaja Michael Joseph, yule aliyeongoza kampuni ya simu ya Safaricom mwanzoni. Ngunze akaondoka mwaka uliofuata.

HAMISI: Kuna waliosema rubani kazi yake ni kurusha ndege, ya bodi yanamhusu nini.

NEEMA: Nimeyasikia hayo na siyakubali. Rubani anaona njia gani ina abiria na njia gani inaruka na viti vitupu. Anaijua gharama ya ndege iliyolala uwanjani. Anaweza kukosea kumhukumu mtu mmoja, hasa pale hasara imeanza kabla huyo mtu hajakalia kiti. Lakini kusema hana anachokijua ni kumdharau.

HAMISI: Na huku kwetu ambako hatuna chama, hatuna hisa, hatuna magavana wa kutuombea? Mfanyakazi wa kampuni ya watu arobaini hapa Dar anampima bosi wake kwa nini?

NEEMA: Kwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Nakwambia kweli, kaka Hamisi. Kila mwezi mchango wa mfanyakazi ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu anakatwa yeye, nusu anatoa mwajiri. Kwenye hati ya mshahara unaona umekatwa. Imefika kule? Hilo ndilo swali. Mimi niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ambayo mkurugenzi wake alikuwa mzungumzaji mzuri mno. Kila Jumatatu kikao cha kusimama, "sisi ni familia". Siku moja nikaenda ofisi za NSSF, nikaomba taarifa ya michango yangu. Yule dada wa dirishani akanichapia, nikaitazama. Miezi saba haina kitu. Kwenye hati zangu za mshahara miezi yote saba nimekatwa.

HAMISI: Ukafanyaje?

NEEMA: Nilikaa kwenye lile benchi la nje kama nusu saa. Halafu nikarudi ofisini, sikupiga kelele. Nikamwonyesha dereva wetu, mtu mzima, tulimwita Babu. Akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, akasema, "Mwanangu, kesho twende wote tukachukue za kwetu." Tulikwenda tisa. Zote zina mapengo yale yale. Tukaziweka mezani kwa mkurugenzi, karatasi tisa, hakuna aliyesema neno kwa muda. Maneno ya familia yaliishia siku ile.

HAMISI: Akalipa?

NEEMA: Alilipa miezi mitano, kwa vipande vipande. Niliacha kazi pale mwaka uliofuata.

HAMISI: Na ile miwili?

NEEMA: Bado. Taarifa ya mwisho niliichukua mwezi uliopita, haimo. Jumatatu nakwenda tena dirishani, na Babu amesema atanisindikiza.