Msikilizaji Wenu Hayuko Kwenye Grupu la Darasa

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Nyinyi wa nyuma songeni mbele tafadhali, hiyo feni ina kelele na mimi sitaki kupayuka saa nzima.

Mwenyekiti wa klabu yenu ya redio ameniandikia hapa "hatua za kuandaa kipindi bora cha redio". Hatua nitazifikia inshallah, lakini nikianza nazo mtaziandika madaftarini na kesho mtarudi studio mfanye yale yale. Kwa hivo naanza na swali. Kipindi chenu cha juzi, kile cha saa tatu usiku, nani alikisikiliza? Naona mikono, mwasema tulipata meseji sitini. Haya, meseji sitini za nani?

Naona kimya.

Hili jambo la kumjua msikilizaji nimelisema kila chuo nilichoitwa na nitalisema mpaka sauti inikauke, kwa sababu nikiwa kijana kama nyinyi nlitayarisha kipindi cha jioni kwenye stesheni moja ndogo hapa Mombasa, cha wanafunzi, mambo ya mitihani, karo, mapenzi, kazi baada ya chuo. Meseji zilikuwa zaingia mpaka mtangazaji hawezi kuzisoma zote, mkubwa wetu akafurahi, sisi tukavimba vichwa. Siku moja nkachukua zile meseji za wiki nzima nkazipanga kwa nambari ya simu, si kwa jina, maana jina mtu hubadilisha, leo ni Pendo wa Mikindani kesho ni Mtoto wa Tudor. Nambari zikatoka tisa. Wiki nzima, watu tisa! Na watatu kati yao walikuwa jamaa za watangazaji wetu wenyewe. Yaani tulikuwa twaongea na nyumba zetu na mtambo katikati.

Kesho yake nkachukua daftari nkaenda Kibokoni. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu mzima, redio yake imening'inia msumarini kutwa kucha. Nkamwamkia, nkamuuliza, ami, wakisikiliza kipindi chetu cha jioni? Akasema naam mwanangu, kizuri sana, mashallah, endeleeni hivo hivo. Nkafurahi nkaandika. Nkamuuliza mtangazaji gani humpendeza zaidi, akanitajia mtu wa stesheni nyengine kabisa.

Hakuwa ananidanganya kwa ubaya, mumuelewe. Sisi watu wa pwani mgeni akija mlangoni na jambo lake humvunji moyo, utamwambia kizuri hata kama hujakisikia. Hiyo ni adabu na mimi siitaki iondoke, lakini kwa mtu anayetafuta maoni ya wasikilizaji, swali la "mwakipenda kipindi chetu?" ni swali la kuomba sifa, na sifa utapewa, utarudi nazo nyumbani na hutajua lolote.

Nkarudi siku ya pili na swali jengine. Nkamwambia, ami, jana baada ya isha ulikuwa wapi? Akasema nlikuwa hapa hapa, nna kanzu nne za harusi za kumaliza. Redio ilikuwa wazi? Ilikuwa wazi. Ulisikia nini? Hapo akasimamisha cherehani, akanitazama, akasema, mwanangu, hii mashine ikienda mimi sisikii kitu. Nikisimama kutia uzi ndo nasikia. Jana nimesimama nikasikia kijana yuasema "kwa hivo ni kama alivyosema mgeni wetu", mgeni gani, amesema nini, juu ya nini? Nkangoja aseme, hakusema, ukaingia muziki, nkageuza nkaweka taarabu.

Kijana huyo alikuwa mtangazaji wetu na kipindi kilikuwa chetu, yeye hata hakujua. Nkaomba ruhusa nkakaa pale kwenye benchi karibu saa nzima, naangalia saa. Cherehani yaenda, yasimama, yaenda, yasimama, na kila ikisimama mzee yuasikiliza dakika moja, mbili, basi. Kipindi chetu kilikuwa kimepangwa kwa mtu aliyekaa kitako tangu mwanzo mpaka mwisho na vipokea sauti masikioni, na mtu huyo yuko sehemu moja tu duniani, yuko studio! Nje watu waingia na kutoka. Yule yuakaanga viazi karai, mafuta yapiga kelele, yule yuaogesha mtoto, yule ameshuka tuktuk amepanda nyengine. Tangu siku hiyo kila dakika tano au sita mtangazaji wetu alikuwa ataja tena jina la kipindi, jina la mgeni na kazi yake, na jambo linalozungumzwa kwa sentensi moja. Studio wakalalamika ati twajirudia. Fundi wa Kibokoni hakulalamika, kwake yeye kila mara ilikuwa ndo mara ya kwanza.

Huyo ni mtu mmoja. Mwengine ni dereva wa matatu. Matatu ya watu kumi na wanne ina redio moja na kidole kimoja juu ya kitufe, na kidole ni cha dereva. Mimi nliwahi kumuuliza mmoja pale Mwembe Tayari, wewe wahama stesheni lini? Hakufikiri hata kidogo, akasema, mkianza kucheka wenyewe kwa wenyewe. Watangazaji wawili wakumbushana mambo yao ya jana, wacheka, abiria wanne nyuma yake hawajui kimechekesha nini, mmoja asema kaka hebu toa hiyo. Mwalionaje hilo? Nyinyi mwaona ndo uchangamfu, kumbe mwawafungia watu mlango nje.

Na mwengine ni yule dada mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Redio ya FM ndani ya simu nyingi kama ile hutumia waya wa earphone kama antena, bila waya haishiki vizuri, kwa hivo huyu mara nyingi yuasikiliza peke yake. Yuko kwenye feri ya Likoni, sikio moja lina kipindi chenu, la pili laangalia mkoba usiibiwe. Sasa wewe wamwambia "wasikilizaji wetu wote popote pale mlipo". Wote gani? Yeye yuko peke yake na sauti yako iko ndani ya sikio lake! Muongeleshe mtu mmoja.

Najua kuna mtu hapo yuafikiria, mwalimu haya ni ya zamani, siku hizi kuna intaneti, twaona ni watu wangapi wako laivu, twaona laiki, twatuma fomu watu wajaze. Sawa, tumieni, sijakataza. Lakini ile hesabu yenu ya laivu huhesabu simu, haihesabu masikio. Ile matatu ya watu kumi na wanne ikisikiliza kwa simu ya dereva ni moja tu, na simu ya rafiki yako iliyoachwa wazi kitandani mwenyewe ameenda kuoga pia ni moja. Laiki ya picha yenu studio mmevaa fulana mpya ni laiki ya fulana. Na fomu mtaituma wapi? Kwenye grupu la darasa. Atakayeijaza ni yule anayewapenda tayari, aliyehama hata hiyo fomu hataiona, na mimi namtaka huyo aliyehama kuliko wote, kwa sababu yeye pekee ndo ajua mlimchosha dakika gani.

Wazee wetu hawakuwa na intaneti na walijua wasikilizaji wao walipo. Waulizeni nyumbani habari za kadi za salamu. Mtu ananunua kadi, aandika jina lake, sanduku lake la posta, majina ya anaowasalimia na wako wapi, aituma redioni. Mwaona kama mchezo wa kutajwa jina hewani, lakini kwa mtayarishaji ile ilikuwa ramani! Gunia la kadi likimwagwa mezani wajua leo Taveta wametuskia, Lamu wametuskia, Voi kimya, kwa nini Voi kimya? Nyinyi mna meseji na voisi noti zimejaa simuni, hakuna hata mmoja wenu aliyekaa akaandika zimetoka mtaa gani.

Kwa hivo ukienda kuuliza, uliza habari za jana. Jana saa fulani ulikuwa wapi, ulikuwa wafanya nini, redio ilikuwa wazi, nani aliifungua, ulisikia nini, ulihama saa ngapi, ukahamia wapi. Na usiseme wewe ni wa stesheni gani mpaka mwisho, ukisema mwanzo adabu itaingia na ukweli utatoka kwa mlango wa nyuma. Usivae hiyo fulana. Usimalizie mtu sentensi yake. Andika maneno yake kama alivyoyasema, akisema "mwapiga domo" andika "mwapiga domo", usiandike "msikilizaji alipendekeza mazungumzo yapunguzwe", maana ukishaisafisha hivo haiumi tena na hakuna atakayebadilisha kitu. Na msiende barazani kwa wanaume wanywa kahawa peke yao kwa sababu ndo rahisi. Mwanamke aliye nyumbani na redio jikoni asubuhi nzima hamtamkuta barazani, wasichana wa klabu wapige hodi, wajitambulishe kwa heshima, wakae waulize. Kuna na njia ya daftari, watu kumi wa mitaa tofauti, si marafiki zenu, kila mmoja aandika siku saba alichosikiliza na saa ngapi, halafu mwakusanya. Ni kazi, ndio.

Sasa kupanga, saa imenitupa mkono, nakwenda haraka.

Kipindi chenu kiwe chaweza kusemwa kwa swali moja. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa hapa hapa Frere Town, alianza kipindi chake mwaka 1966 na jina lenyewe lilikuwa swali, Je, Huu ni Uungwana? Kikadumu miaka zaidi ya 50. Msikilizaji akisikia jina tu ajua ataulizwa nini, na mitaani akiona mtu aruka foleni yuasema mwenyewe, je huu ni uungwana. Chenu chaitwaje? "Mchanganyiko wa Jioni". Mchanganyiko wa nini? Nimesoma mpango wenu, dakika 60, mna mgeni, habari za chuo, michezo, mapenzi, maombi ya nyimbo, chemsha bongo na ushauri wa afya. Toeni vitu vinne. Chorani saa kwenye karatasi, duara, mgawanye kama biskuti ya ufuta, dakika hizi mgeni, hizi muziki, hizi maoni ya watu, na kila kipande muandike nani ahusika na kikikosekana chawekwa nini, kwa sababu mgeni atachelewa, feri itamchelewesha na si kosa lake.

Angalieni kalenda. Ramadhani mji huu husikiliza kwa saa nyengine, magharibi watu wafuturu, halafu tarawehe, usiku wa manane wako macho wangoja daku, na nyinyi mwaka jana mliacha kipindi cha maswali saa ile ile watu wako msikitini mkashangaa simu hazilii. Mitihani ya chuo pia, watangazaji wote wapotea wiki tatu, rekodini vipindi mapema.

Simu za laivu, kuna kanuni za utangazaji, kutoka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku ni muda ambao watoto wahesabiwa wako redioni, kipindi chenu cha saa tatu kimo humo ndani, kwa hivo mzungumze na mpigaji kwanza nje ya hewa kabla hamjamuweka hewani. Nambari ya simu ya mtu haisomwi hewani, kuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na hata kama isingekuwepo, msichana akituma meseji saa tatu asianze kupigiwa na watu asiowajua saa nne. Jambo la kukabidhiana madaftari mkimaliza chuo nlitaka kulisema kwa kirefu, sina muda, mwenyekiti anikumbushe siku nyengine.

Maoni mkishayapata yatumieni hewani. Semeni, mzee mmoja wa Kibokoni alituambia hivi, tumebadilisha hivi. Usimtaje jina kama hakukupa ruhusa, yeye mwenyewe atajijua, na atawaambia wenzake.

Maswali mtaniuliza njiani, kwa sababu kesho saa mbili asubuhi tunakutana stejini Mwembe Tayari, kila mtu na daftari na kalamu mbili. Wanaokaa Likoni wasivuke, wabaki upande wao wafanye pale pale feri, watu wako wengi na wamesimama wangoja. Kila mmoja aniletee watu watano, na kati ya hao watano nataka angalau mmoja ambaye amewahi kuizima sauti yenu, na mniandikie alikuwa anafanya nini mkono ulipofika kwenye kitufe.