Shampuu na kondishena za nyumbani: mkunazi, mwani na haya maji yetu ya kisima

Asalam alaykum mabibi na mashoga zangu wote mliofika, na nyie wasichana mliojibana kule nyuma sogeeni mbele jamani, mana haya maneno ni yenu zaidi. Nimeombwa nizungumze habari za kutengeneza shampuu na kondishena nyumbani kwa vitu tulivyonavyo, na nimefurahi kuwa tunaongea hapa Jambiani na si mjini, kwa sababu vitu viwili vikubwa vya leo viko mlangoni kwenu: maji ya kisima na mwani.

Naanza na maji kabla ya majani na mafuta, mana watu wanatafuta dawa ya nywele duka hadi duka na maji hawayaangalii kabisa. Huku mashariki ya Unguja tumekaa juu ya uwanda wa mawe, mvua ikinyesha maji yanapenya kwenye jiwe la matumbawe yanayeyusha chokaa njia nzima mpaka kisimani, na karibu na pwani yanachanganyika na chumvi juu yake. Ndo mana mabirika yenu yana ukoko mweupe ndani. Sasa tazameni hizi chupa mbili, hii ina maji ya mvua na hii ina maji ya kisima cha hapa kijijini, nimetia sabuni ya mche iliyoparwa kiasi kile kile, hebu wewe bint njoo uzitikise zote mbili mbele ya watu. Haya. Mnaona? Ya mvua povu limejaa mpaka shingoni, ya kisima povu halipo, kuna vipande vyeupe vinaelea, maji yamekuwa kama yamekatika. Vile vyeupe ni sabuni iliyokutana na chokaa ikaganda, na mkiosha kichwa kwa sabuni ya mche na maji haya vile vitu ndo vinavyobaki kwenye nywele, nywele zinakuwa nzito hazing'ari, chanuo linakwama, ukijikuna unaona unga mweupe unasema una mba, kumbe ni sabuni tu imebaki humo.

La pili, sabuni yoyote ya kipande ina ukali wa magadi. Kuna kipimo kinaitwa pH, kinaanza sifuri mpaka 14, saba ni maji safi, chini ya saba ni upande wa ndimu na siki, juu ya saba ni upande wa magadi. Ngozi ya kichwa iko kama tano na nusu hivi, unywele wenyewe uko chini zaidi, karibu 3.7, na sabuni ya mche iko kwenye 9 au 10. Unywele ukikutana na ukali huo unavimba, vigamba vyake vya juu vinanyanyuka, vinakwaruzana, na sie wenye nywele za kujipinda tunaumia zaidi kwani kila pindo ni mahali pa kukatikia. Kwa hiyo zile resipi zinazozunguka kwenye simu za kuosha kichwa kwa baking soda, mie nasema wazi ziacheni, baking soda nayo iko juu ya 8, leo utaona kichwa chepesi kimetakata, ukiendelea nazo nywele zinakauka zinavunjika kama makuti. Na zile za kupara sabuni ukachemsha na maji ukaita shampuu, hiyo ni sabuni ya mche iliyolowa, kwa maji ya kisima cha hapa itaganda vile vile kama mlivyoona kwenye chupa.

Sasa tunaoshea nini? Majani ya mkunazi. Najua kuna wenzetu wakisikia mkunazi moyo unaruka kwa sababu ndo tunaooshea maiti, lakini mabibi zetu waliosha vichwa kwa mkunazi wakiwa hai na afya zao, na kwenye hadithi mwanamke anayejitahirisha na hedhi ametajiwa maji na mkunazi, basi woga huo hauna msingi. Majani yale yana kitu kinaitwa saponini, ndo kinachotoa povu na kushika uchafu, na hakina ule ukali wa sabuni.

Unachuma majani yaliyokomaa, unayaosha mchanga, unayaanika kivulini si juani, siku mbili tatu mpaka yakikamatwa yanavunjika kwa mlio. Unatwanga kinuni, unachekecha kwa chekeche laini sana, na hapa msifanye uvivu kwa sababu unga mkubwa mkubwa utakaa kichwani na kuutoa kwenye nywele za kipilipili ni kazi ya jioni nzima. Ukitaka kuosha, tia vijiko viwili vya chakula vya unga kwenye bakuli, mimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo, pigapiga kwa mkono kama unapiga mayai, utaona povu la kijani linapanda na unga unakuwa uji mzito wenye ute. Lowesha kichwa, paka kwenye ngozi kwa ncha za vidole si kucha, subiri dakika tano mpaka kumi, suuza sana. Kama huna subira ya kusuuza, chuja ule uji kwa kitambaa cha kanga kuukuu utumie maji yake tu. Na niseme ukweli, mkunazi hautoi mafuta mengi kwa mara moja, kama umejipaka mafuta wiki nzima utaosha mara mbili, na povu lake ni dogo, hautapata lile povu la dukani la kujaa kiganja. Povu kubwa si ndo usafi, tumezoeshwa tu.

Baada ya hapo inakuja suuza ya mwisho, na kwa maji ya huku hii msiiache hata mkiwa mnatumia shampuu ya dukani. Vijiko viwili vya chakula vya siki ndani ya lita moja ya maji, unajimwagia polepole, unaacha dakika moja mbili, unasuuza kidogo. Siki inayeyusha ile chokaa na kuvilaza vigamba vya unywele, nywele zinalainika hapo hapo mkononi unasikia. Hamna siki, nusu ndimu kwenye lita moja inafanya kazi hiyo hiyo, ila ndimu ina jambo lake: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na ukatoka juani yanaunguza, yanatoa malengelenge halafu alama nyeusi inakaa hata miezi. Kwa hiyo ndimu ni usiku au suuza paji la uso, masikio na kisogo kwa maji mengi. Na wenye mabati, kingeni maji ya masika na vuli, yaliyokingwa kwenye ndoo safi baada ya mvua ya kwanza kuosha bati ndo maji bora ya kichwa kuliko chochote ntakachokutajieni leo.

Haya, kondishena. Hapa ndo nataka mnisikilize kwa raha zenu, mana mwani mnaoulima tangu 1989 unapakiwa kwenye magunia unasafirishwa nje, huko wanautolea jeli inaitwa karajinani, inatiwa kwenye dawa za meno, kwenye maziwa, kwenye losheni na vitu vya nywele, halafu vinaturudia tunanunua kwa bei ya kuumiza. Jeli hiyo unaweza kuipata jikoni kwako leo. Chukua spinosamu, ile aina ya mwani mnayoilima sana, tena nashukuru ni spinosamu, mana kotonii, ile aina ya pili, siku hizi joto la bahari linaiua na imekuwa shida kuipata, na kwa nywele spinosamu inatoa jeli laini zaidi. Fungu la mkono mmoja la mwani mkavu, lioshe maji matatu manne mpaka ukilamba usisikie chumvi, loweka usiku kucha, asubuhi tia kwenye sufuria na maji ya kufunika na kuzidi kidogo, chemsha moto mdogo nusu saa ukikoroga. Utaona maji yanaanza kuwa mazito yanavutika kwenye mwiko. Chuja ungali moto, mana ukipoa hauchujiki tena, kamua kwa kitambaa. Ukipoa ni jeli inayotetemeka. Ndimu usiitie sufuriani, asidi na moto pamoja vinaikata jeli inakuwa maji. Na kitu kinachonifurahisha kila nikikifanya, chokaa ya maji ya kisima inayotuharibia sabuni, kwa spinosamu ndo inayoisaidia jeli kushikana.

Jeli hiyo chukua nusu kikombe, pigia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi, paka kwenye nywele zilizooshwa, chana kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani kupanda juu, acha robo saa, suuza. Asiye na mwani achemshe bamia, kumi zilizokatwa kwenye vikombe viwili vya maji, ule ute achuje, unateleza vizuri mno kwa kuchania watoto wanaolia. Uwatu uliolowekwa nao vile vile. Tui la kasimele watu wanalipenda, ni zuri, ila lisuuzwe mpaka liishe kwa sababu likibaki linachacha kichwani na harufu yake mnaijua. Ndizi mbivu msijaribu, vile vinyuzi havitoki.

Mafuta ya nazi nayataja peke yake kwa sababu yana ushahidi. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha kazi yao wakilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta meupe ya kujipaka yanayotokana na petroli, wakakuta ya nazi peke yake ndo yanayopunguza protini inayopotea kwenye unywele, yakipakwa kabla ya kuosha na hata baada. Asidi yake ya lauriki, karibu nusu ya mafuta yote, ni ndogo na imenyooka ndo mana inaingia ndani ya unywele wakati yale mengine mawili yanakaa juu. Kwa hiyo pakeni usiku, osheni asubuhi. Na mafuta tuliyoyapika wenyewe kwa tui, yakisha kutengana na shata yachujwe na yarudishwe motoni kidogo mpaka yaache kulia, ule mlio ni maji, na maji ndo yanayoyafanya yachache.

Hapo ndo lilipo neno langu kubwa. Chochote chenye maji ulichotengeneza nyumbani, uji wa mkunazi, jeli, ute wa bamia, kitendee kama mchuzi wa nazi: tengeneza cha leo, kilichobaki friji siku tatu, umeme ukikatika mwaga. Hakuna kihifadhi humo, na vijidudu vinaingia kabla hujaona ukungu wala kusikia harufu, halafu unavipaka kwenye kichwa chenye vidonda vya kusuka. Unga mkavu wa mkunazi ukiwa kwenye kopo kavu unakaa miezi, mwani mkavu nao, basi hifadhini vikavu mchanganye siku ya kuosha.

Na mafuta ya karafuu, najua mtauliza kwa kuwa ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanakamuliwa pale Wawi, Pemba, tunajivunia. Ni makali, yale yale yanayotia ganzi jino yanaunguza ngozi, matone kumi kwenye kikombe cha mafuta ya nazi yanatosha, na watoto wadogo wasipakwe. Kila kitu kipya jaribuni kwanza kwenye mkunjo wa mkono, subirini siku mbili.

Maswali sasa. Bibi ameuliza mba ya mwanawe, anampaka mafuta haiishi. Fangasi wa mba anaishi kwa mafuta, kwa hiyo mafuta yapakwe kwenye nywele si kwenye ngozi, na sie tunaofunga mtandio tusifunge kichwa kibichi, unyevu na joto humo ndani ndo raha yake, kausheni kwanza. Isipopungua duka la dawa wana shampuu ya ketokonazoli. Lakini mtoto akiwa na viduara nywele zimekatika, hayo ni mapunye, hayaponi kwa kupaka wala kwa mkunazi, yanataka vidonge, mpelekeni kituo cha afya.

Hina? Hina ya majani ni salama kwa wengi na inaupa unywele nguvu ya juu juu, lakini piko si hina, ile nyeusi ni dawa ya kemikali na inawababua watu, msichanganye kichwani kwa kudhani ni kitu kimoja.

Na aliyeuliza kuuza. Kuuza chenye maji kunataka kihifadhi na vipimo, na vipodozi hapa Zanzibar vinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, nendeni kwao kabla ya kuchapisha lebo. Kwa kuanzia kikundi kianze na mafuta na unga mkavu wa mkunazi, na chupa zikisha kuoshwa zianikwe kifudifudi mpaka zikauke kabisa, tone moja la maji likibaki chini mteja atakurudishieni.