Land Rover 109 ya zamani: taa moja kali, nyingine kama kibatari

Haya wadau, karibuni tena gereji. Leo tuna mzee huyu hapa, Land Rover 109 pikapu, Series IIA ya mwaka 1970. Injini inawaka vizuri, giaboksi haina neno. Shida yake ni macho. Hebu sogeza kamera mbele. Taa ya kushoto nyeupe, safi. Ya kulia je? Njano, kama kibatari kinachoishiwa mafuta ya taa. Mwenye gari ameshanunua balbu mbili mpya, na zote zinawaka vilevile. Kwa hiyo balbu tumeshaitoa kwenye kesi.

Kabla hujashika waya, jambo moja. Kwenye gari hizi taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi. Ndiyo, umesikia sawa. Kiwandani zilitoka hivyo: umeme unatoka betri, unapita swichi, unakwenda taa, hakuna cha kuukata katikati. Bisibisi ikigusa pabaya, kinachoungua ni waya wote, kuanzia dashibodi mpaka mbele. Kwa hiyo kila unapotaka kufungua au kukata kitu, toa kwanza klempu ya betri ya upande wa arthi, yaani upande uliofungwa kwenye bodi, umeme unakorudia. Hapa arthi ni hasi. Lakini ukikutana na zile za mwanzoni mwa miaka ya 1960, angalia vizuri, maana nyingi chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Fuata waya mnene kwa macho, usikisie.

Tunaanza na betri. Mita kwenye volti, gari limezimwa: 12.6. Washa injini: 14.1. Hapo hakuna tatizo, twende mbele.

Sasa rangi za waya, na hapa Waingereza walitusaidia. Bluu mtupu unatoka swichi ya taa kwenda swichi ya mguuni, ile ya kubadili fulu na dimu. Bluu wenye mstari mweupe ni fulu, mwanga wa mbali. Bluu wenye mstari mwekundu ni dimu, mwanga wa karibu. Mweusi ni arthi. Ukikuta waya wa zambarau umeungwa na wa njano kwa tepu ya bomba, ujue fundi fulani alipita hapa usiku.

Nataka mtazame hiki kifaa changu. Ni balbu ya indiketa, wati 21, nimeichomelea nyaya mbili zenye klipu za mamba. Basi. Kwa nini nisitumie mita peke yake? Kwa sababu mita haibebi mzigo. Waya unaweza kuwa umebaki na nyuzi mbili tu ndani, mita ikakuambia volti 12, ukaamini. Balbu yangu inadai karibu ampia 2. Waya mbovu hauwezi kuzitoa, na balbu itakuonyesha hapohapo kwa kufifia.

Nimeshafungua ringi ya taa, kioo nimekivuta nje, plagi ya balbu tunaiona kwa nyuma. Klipu moja naweka kwenye hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye bodi. Nyingine nagusisha kwenye bluu wenye mstari mwekundu, taa zikiwa dimu. Mnaona? Inawaka kali. Maana yake umeme unafika mpaka hapa ukiwa na nguvu zake zote.

Kama umeme unafika na taa bado ni kibatari, basi umeme unakosa njia ya kurudi. Wengi hapa ndipo wanapopotea, wanafukuza chanya kutwa nzima, wanabadilisha swichi, na arthi hakuna aliyeitazama. Nawasheni indiketa ya kulia. Angalieni taa kubwa... inakonyeza pamoja na indiketa! Zote mbili zinagombania mlango mmoja wa kutokea, na mlango wenyewe umebana.

Tuupime. Mita kwenye volti, taa zinawaka. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya mweusi nyuma ya balbu. Kwenye arthi nzima utasoma 0.1, 0.2. Hapa tunasoma... 3.9. Karibu volti 4 zinapotelea njiani, balbu inabaki na 8 tu. Sasa nachukua waya mzima, nauunga kutoka hasi ya betri mpaka kwenye mweusi wa taa. Tazama taa. Hiyo! Nyeupe kama mwenzake.

Kwa hiyo mgonjwa tumempata, tumfuate alipo. Waya mweusi unashuka huku, umefungwa kwa skrubu kwenye madigadi. Madigadi ya Land Rover ni ya aluminiamu, skrubu ni ya chuma. Ukiongeza maji ya matope kwa miaka hamsini, unapata huu unga mweupe. Leta kamera karibu. Skrubu imekaza kabisa, ukiitazama kwa juu utasema ni nzima. Lakini chini ya kishikio, kile kipete cha mwisho wa waya, ni chaki tupu.

Betri natoa. Napiga msasa mpaka aluminiamu ing'ae, kishikio nakata nafunga kipya, napaka grisi kidogo juu kuzuia maji. Lakini mimi siiamini tena hiyo njia peke yake, kwa hiyo naongeza waya mweusi wa milimita 2.5 kutoka taa mpaka kwenye chesisi, mahali nilipokwangua rangi.

Ingekuwa taa zote mbili hazina fulu ila dimu ipo, nisingehangaika huku mbele. Ningeinama kwenye pedali ya klachi. Swichi ya mguuni inakaa sakafuni, inakunywa maji na vumbi la kila kiatu. Unaijaribu kwa kipande cha waya: unga bluu mtupu na bluu mstari mweupe. Fulu ikiwaka, swichi imekufa.

Na kama taa zinaanza vizuri halafu zinafifia baada ya dakika kumi, zima, kisha pitisha vidole kwenye viungio vya waya, vile vya duara kama risasi. Kile chenye joto ndicho.

Ushauri wangu kwa huyu mwenye gari: aweke rilei mbili, yaani swichi zinazojiendesha kwa umeme na kubeba mzigo badala ya ile ya dereva, moja ya fulu na moja ya dimu, na fyuzi ya ampia 15 kwa kila moja karibu na betri. Taa mbili za wati 60 zinavuta ampia 10, na swichi yenye umri huu haipaswi kubebeshwa hizo. Balbu za wati 100 usimletee kabisa.

Betri tumerudisha. Washa. Weka dimu, weka fulu. Indiketa ya kulia... haikonyezi tena. Narudisha ringi, halafu tunalisogeza gari mbele ya ule ukuta tukaangalie miali, maana ya kulia naona inatazama juu kidogo.